Mwanya Uliopo Mapokezi

Nyamvula, anayekaa chumba cha pili kutoka kwa Mwanatabu pale Mikindani, anadai kwamba Ijumaa ya tarehe ishirini na nane Juni, mwaka wa tisini na moja, saa nane kasorobo mchana, kanga zake tatu zilizokuwa kambani ziliacha kupepea. Zikaning'inia kama ngozi za mbuzi, na hazijapepea tena. Anasema kusi ilikuwa ikivuma siku hiyo mpaka migomba ya jirani ikachanika majani, lakini zile kanga, kimya.

Nyamvula ana tabia ya kutia chumvi. Zilikuwa kanga mbili na shuka moja. Mengine yote ni kweli.

Saa hiyo hiyo Mwanatabu alikuwa Kisauni, amelala kwenye kiti cha daktari wa meno, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yamegusana kwa mara ya kwanza tangu aote meno ya ukubwani.

Kabla ya hapo alikuwa na mwanya. Haukuwa mkubwa. Njiti ya kiberiti ilipita, mbili zilikwama, na watu waliusifu kama watu wa pwani wanavyousifu mwanya. Kilichozidi kwake ni kwamba ulitoa upepo. Ulikuwa upepo wa kawaida, wa baridi, wenye harufu kidogo ya mvua iliyonyesha mbali, na ulitoka akisema au akinyamaza, mradi midomo isifungwe kabisa. Watoto wenye vipele vya joto waliletwa kwake baada ya alasiri, wakapangwa mkekani. Nyamvula hakununua kipepeo cha jiko kwa miaka mitano. Alikuwa akiita tu, "Mwanatabu ee, njoo ucheke hapa makaa yashike," na Mwanatabu anakwenda, anacheka kidogo, makaa yanashika. Hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ingekuwa mtu kumpa japo kipande cha muhogo kwa kazi hiyo, na ajabu hiyo haikutokea.

Kazini kwake, Changamwe, alipewa heshima hiyo hiyo. Kampuni ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini na kuipeleka bara, na Mwanatabu alikaa chumba cha faili, huko nyuma, chini ya mabati, chumba kisicho na dirisha. Humo mlikuwa na mashine ya teleksi isiyopenda joto. Ikipata joto huandika herufi moja tu mpaka karatasi iishe. Feni ya dari iliharibika mwaka wa themanini na nne. Mwanatabu alichukuliwa mwaka wa themanini na tano, kiti chake kikawekwa ubavuni mwa teleksi, na habari ya kununua feni nyingine haikutajwa tena. Ile mbovu iliachwa pale pale juu. Ilikuwa na nambari ya kampuni, imeandikwa kwa rangi nyeupe, na kila Desemba alikuja mtu kuhakikisha kwamba ipo.

Mwanatabu hakuwa na nambari. Alikuwa kibarua wa miezi mitatu. Miezi mitatu ikiisha aliachishwa kazi Ijumaa jioni, akashukuriwa sana, na Jumatatu asubuhi akachukuliwa upya kama mtu aliyetokea barabarani. Meneja humuuliza, "Jina lako nani?" naye humwambia. Alikuwa ameshamwambia mara ishirini na tatu.

Alichokitaka yeye ni mapokezi. Kule mbele palikuwa na kaunta ya mbao iliyopigwa vanishi, na dirisha la kuangalia barabara, na aliyekaa pale alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Jina lake liliwekwa kwenye ubao wa mlangoni, kwa herufi nyeupe za plastiki. Mwanatabu alikuwa na miaka thelathini na mbili, na hajapata kuliona jina lake limeandikwa mahali ila kwenye cheti cha darasa la saba na kwenye karatasi za kuachishwa kazi. Wa mapokezi akaolewa Voi mwezi wa Machi, kiti kikabaki kitupu. Wiki ile ile likabandikwa tangazo.

Meneja, Bwana Elkana, alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyefunga tai hata katika joto la kaskazi. Kiswahili alikisoma, akakifaulu, akakipenda. Matangazo yote aliandika mwenyewe, na mezani pake palikuwa na kamusi iliyokaribia kuwa nene kama tofali. Tangazo lilisema hivi:

"Mwanya uliopo mapokezi uzibwe kabla ya tarehe 30 Juni. Anayehusika ajitayarishe."

Wafanyakazi walisoma, kisha wote wakageuka wakamtazama Mwanatabu kinywani.

Karani mkongwe pale alikuwa mzee Mbwana, mzaliwa wa Likoni, mtu ambaye hajapata kukosolewa Kiswahili na yeyote aliye hai. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, hapa umetajwa wewe."

"Mimi, mzee? Si ni ile nafasi ya kazi?"

"Nafasi hujazwa. Mwanya huzibwa. Yule bwana ana kamusi nzima mezani, atakosaje kujua hilo? Na mwanya katika kampuni hii u mmoja tu, nao uko kinywani mwako."

"Sasa mapokezi yaingiaje?"

"Wakutaka mapokezi. Lakini ukikaa pale na upepo wako, karatasi za wateja zitafika Miritini kabla ya malori. Kwa hiyo uuzibe kwanza." Mzee Mbwana akavaa miwani yake. "Wallahi, tangazo lililonyooka kuliko hili sijalisoma tangu nianze kazi."

Mwanatabu hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikwenda mwenyewe mlangoni kwa meneja, akapiga hodi. Bwana Elkana alikuwa na simu sikioni, anamsubiri mtu wa bandarini arudi kwenye laini.

"Bwana meneja, ule mwanya wa kwenye tangazo. Niuzibe?"

"Ndiyo, uzibwe," alisema meneja. "Kabla ya mwisho wa Juni."

"Na nikishauziba, mapokezi?"

"Shughulikia, shughulikia," alisema meneja, akaanza kusema haloo.

Basi jambo likawa limethibitishwa na ofisi.

Daktari wa meno alikuwa Kisauni, ghorofani, juu ya duka la saruji, na kila kitu chake kilikuwa na vumbi jembamba la kijivu isipokuwa vile vya kutia mdomoni. Aliitwa Daktari Mwikali, mwanamke kijana aliyesema taratibu. Alimfungua Mwanatabu kinywa, karatasi zikaruka mezani, akaziwekea kopo la pamba na kuendelea kutazama.

"Wengi wanaokuja kufunga vyuma ni watoto," alisema. "Una miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

"Si neno. Meno hayaulizi kitambulisho. Ila yako yameshazoea kwao, yatakuwa makaidi kidogo."

Akatoa mataya manne ya mfano, ya plasta, akayapanga mbele yake kama muuza viatu. Taya la kwanza lilikuwa limevaa kitu cha plastiki ya waridi chenye waya mmoja. Kile, alisema, ni cha kuvaa na kuvua. Ukienda harusini unakitia mfukoni. Mwanatabu alikipenda papo hapo. Daktari akampa cha kujaribia, akakitia, akavuta pumzi, akaiachia. Kile kitu kikatoka, kikavuka chumba, kikagonga kalenda kwenye mwezi wa Septemba. Daktari akakiokota, akakiosha, akakirudisha kwenye sanduku.

"Hiki hakikufai," alisema. Kwenye kadi akaandika: upepo.

Vya pili vilibandikwa nyuma ya meno, upande wa ulimi, hata mumeo asijue. Daktari alivisifu lakini akasema ulimi hukwaruzika mwezi wa kwanza, na lazima viagizwe kutoka ng'ambo. Akamshikizia kipande kwa vidole, waone. Upepo ulipita katikati ya waya ikatoka sauti ya zumari, safi kabisa, ya kumtoa bwana harusi nyumbani kwao. Kule chini wapagazi wawili wa saruji wakatua mifuko yao, wakasogea kando ya barabara kupisha watu wa harusi. Mwanatabu akafikiri. Mtu wa mapokezi ambaye vyuma vyake havionekani ni jambo zuri. Mtu wa mapokezi anayepigiwa zumari kila asemapo karibu, wateja watadhani ni harusi, wamletee mchele.

Vya tatu vilikuwa vya rangi ya jino lenyewe, vizuri, kama vipande vya kikombe cha kauri.

"Hivi ndivyo wanavyochagua watu wazima," alisema daktari. "Ukiwa mbali havionekani. Ila vina vimpira, na vimpira hushika rangi. Usile kitu chenye bizari."

"Mpaka lini?"

"Miaka miwili."

Mwanatabu alimtazama yule daktari kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni. Miaka miwili bila biriani, bila mchuzi wa papa, bila viazi vya rojo. Hata mwenye eda hapewi masharti kama hayo.

Vikabaki vyuma vyenyewe, vya kawaida, vinavyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Vyuma havijali bizari wala havipigi muziki. Daktari alisema pia ndivyo nafuu, akilitumia neno nafuu kwa maana ya kidaktari. Mwanatabu alikuwa na cherehani aliyoishonea sare za madrasa kila Jumapili, ndiyo kinga yake siku kampuni itakapokosa kumuuliza jina Jumatatu. Akaiuza.

"Nataka mwanya uwe umefungwa mwisho wa Juni," alisema.

"Meno si maandazi, dada. Lakini tutayavuta kwa mpira, huenda yakawahi. Vyuma vyenyewe utakaa navyo miaka miwili, la sivyo meno hurudi kwao." Daktari akasita, kalamu mkononi. "Na huu upepo tukiufungia njia, utakwenda wapi?"

"Si wewe daktari?"

"Mimi ni wa meno."

Akaandika kwenye kadi: upepo, rufaa. Hakuandika rufaa ya kwenda wapi.

Nyamvula alipomwona amerudi na vyuma, alitua ndoo yake chini. "Mama yangu! Wamekutia kufuli!"

"Si kufuli. Ni kwa ajili ya kazi."

"Wenzio wanaomba Mungu awape mwanya, wewe wauza cherehani uuzibe. Na jiko langu je?"

"Nunua kipepeo, dada."

Nyamvula aliliona hilo kuwa ni tusi, na siku nne hakumsalimia.

Kuanzia Aprili upepo ulipungua kidogo kidogo. Kila wiki mbili Mwanatabu alikwenda Kisauni, daktari akabadilisha mpira, na chumba cha faili kikaongezeka joto. Mwezi wa Mei teleksi iliandika herufi M kwa ukurasa mzima, na shehena ya mabomba ikapelekwa mahali ambapo hapakuhitajika mabomba. Bwana Elkana aliingia, akasimama katikati ya chumba, akalegeza tai. Alisema hajui kwa nini mwaka huu joto limechelewa kwisha. Mwanatabu alikuwa amekaa ubavuni mwa mashine, amefunga midomo kwa sababu ya maumivu ya mpira mpya. Meneja alimtazama, akatazama ile feni mbovu, akatoka.

Upepo, kwa kuwa haukupata pa kutokea, ulibaki ndani. Mwanzoni mwa Juni ndala za Mwanatabu ziliacha kuandika alama mchangani. Siku ya kumi na tano alipanda kwenye mzani wa mizigo, ikaja kilo kumi na moja. Ya ishirini na mbili, kilo nne. Akaanza kutembea na jiwe la kusagia ndani ya kikapu, na Nyamvula, ambaye walikuwa wamepatana, alimshika ncha ya kanga wanapovuka barabara. Watu wa Mikindani walimwona, wakamwambia amepungua. Wengine waliuliza dawa anayotumia.

Ijumaa ya ishirini na nane, saa nane kasorobo, meno yakagusana. Daktari Mwikali alimpa kioo. Yalikuwa meno yaliyonyooka vizuri, yamekaa bega kwa bega kama watu kwenye foleni ya maziwa. Jioni ile kampuni ikamwachisha kazi na kumshukuru, na hilo halikumsumbua. Jumatatu angerudi kwa mlango wa mbele.

Jumatatu ya Julai mosi alivaa gauni jipya, akatia jiwe kikapuni, akaingia kwa mlango wa mbele.

Kitini pa mapokezi palikuwa na msichana wa miaka kumi na tisa. Aliitwa Dhahabu, na alikuwa binti wa mwenye jengo. Alikuwa mwenye adabu sana.

"Shikamoo, dada. Karibu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya mapokezi."

"Ndiyo hapa," alisema Dhahabu, akatabasamu. Katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya ambao shilingi ingepita bila kugusa ukuta. Haukutoa upepo wowote. Jina lake lilikuwa limeshawekwa ubaoni, herufi saba nyeupe.

Bwana Elkana alimpokea Mwanatabu ofisini kwake akiwa amesimama, kwa heshima.

"Ule mwanya ulizibwa tangu Aprili," alieleza. "Msichana alikuwa anamalizia kozi ya kupiga chapa tu. Tangazo lilisema wazi."

Mwanatabu akafungua kinywa, akamwonyesha. Meneja akainama, akatazama kwa makini vyuma, waya, na pale palipokuwa mwanya.

"Hongera," alisema. "Kazi nzuri sana. Ulifanyiwa wapi?"

"Kisauni."

"Kisauni!" alisema meneja, akatikisa kichwa kwa kuridhika na maendeleo ya Kisauni. Kisha akakaa, akachukua kalamu. "Sasa, jina lako nani?"

Mwanatabu akamwambia. Ili atie sahihi mkataba wa miezi mitatu, akatua kikapu chini. Akapanda taratibu, mpaka mgongo ukagusa dari, kando ya taa. Bwana Elkana alimtazama hapo juu kwa muda. Ngazi ya chumba cha faili ilivunjika mwaka wa themanini na saba, na tangu hapo faili za rafu ya juu hazikuwahi kusomwa na mtu.

"Za juu utazifikia?" aliuliza.

"Nitazifikia, bwana."

"Vizuri," alisema meneja, na akampandishia mkataba kwa ncha ya mwavuli autie sahihi.

Juma lile lile kampuni ikanunua feni mpya kwa ajili ya teleksi. Ilipigwa nambari kabla haijatolewa kwenye boksi.

Mzee Mbwana aliposikia habari za Dhahabu alikwenda mbele ya lile tangazo, akalisoma mara ya tatu. Akatoa penseli. Akakata neno "mwanya", juu yake akaandika "nafasi". Akakata "uzibwe", akaandika "ijazwe". Akarekebisha na "uliopo", ikawa "iliyopo", kwa sababu hakupenda kuacha kazi nusu. Hiyo ndiyo haki pekee iliyotendeka.

"Nisamehe, mwanangu," alisema alipoingia chumba cha faili, ameinua uso kuelekea darini. "Yule bwana Kiswahili chake kibovu. Kavifungue hivyo vyuma, meno yarudi kwao."

"Nikirudi na upepo wangu, mzee, nitakaa wapi? Kiti changu kimekaliwa na feni."

Mzee Mbwana akamwomba amteremshie faili la themanini na sita.

Mikindani watu walizoea upesi zaidi. Kufikia Agosti hakuna aliyehitaji tena kumwita mkwezi wa minazi. Nyamvula hufunga kamba kiunoni mwa Mwanatabu, humwondolea jiwe, humwachia kwenye mnazi, na akishaangusha madafu ya kutosha humvuta chini. Karisa, aliyekuwa akikwea minazi ya mtaa mzima, alikuja kulalamika. Alipoambiwa kwamba Mwanatabu hapewi hata dafu moja, alisema dunia imeharibika, akaomba naye aangushiwe mawili.

Mwezi wa Septemba Bwana Elkana alimwita ofisini kwake amtolee faili lililokuwa juu ya kabati. Mwanatabu alikuwa amejitayarisha. Alimpa faili, kisha kutoka kifuani akatoa barua aliyoiandika nyuma ya karatasi ya mizigo, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mkubwa, wa kusimama.

"Kwa Bwana Meneja. Naomba nafasi ya kudumu, mahali popote kampuni itakapoona panafaa, hata hapa hapa darini. Nimeandika nafasi. Sikuandika mwanya. Mimi wako mtiifu, Mwanatabu."

Akaiachia. Ilishuka moja kwa moja, bila kuyumba, ikatua kati ya kamusi na simu. Bwana Elkana alishukuru kwa faili. Juu ya barua akaweka kikombe chake cha chai, kwa mazoea ya siku zile karatasi zilipokuwa zikiruka.

Ijumaa ya mwisho ya Septemba kampuni ilimwachisha Mwanatabu kazi, ikamshukuru. Jumatatu akaja, akatua kikapu, akapanda. Bwana Elkana alifungua kalamu, akatazama juu.

"Jina lako nani?"

"Mwanatabu," alisema Mwanatabu. "Na ile barua yangu, bwana, iliyo chini ya kikombe?"

Meneja alikuwa akiandika jina. Alipolimaliza akanyanyua kikombe, akanywa chai. Ile barua, yenye duara la kahawia katikati, ilibaki mezani bila kitu cha kuizuia, wala haikupepea.